Umehamia Mombasa? Hivi ndivyo utakavyoujua usiku wake

Watu wengi wanaohamia Mombasa kikazi hufika na mambo mawili akilini, ufuo na kilabu. Wikendi ya kwanza wanakesha Nyali, ya pili Mtwapa, na mwezi haujafika nusu mfuko umetoboka, joto limewachosha, nao wameanza kusema mji hauna jambo. Huniuma kila ninapoyasikia maneno hayo, kwa sababu anayeyasema amekaa Mombasa bila kuiona.

Mwongozo huu ni wa kiguu na njia aliyehamia hivi karibuni, awe mwanamume au mwanamke, anayetaka kutembea usiku na kurudi kwake salama. Nimeupanga kama ambavyo ningemshika mkono ndugu yangu akishuka kwenye treni pale Miritini na begi lake. Jambo la kulijua mapema ni kwamba mji huu umegawanywa na maji, na usiku wake umegawanywa na saa. Kila starehe ina upande wake wa maji na saa yake. Ndiyo maana tutaanza na kuvuka, tupite kwenye chakula na kahawa, kisha muziki, na baa na kilabu zije baadaye. Atakayeanza na kilabu atakutana na wageni wenzake tu.

Hatua ya kwanza: jua uko upande gani wa maji

Mombasa yenyewe ni kisiwa. Hapo ndipo palipo mjini, Mji wa Kale, Ganjoni, Kizingo, Tudor, Majengo na bandari ya Kilindini. Ukitaka kutoka kisiwani una njia tatu. Daraja la Nyali linakupeleka kaskazini, Kongowea, Nyali, Kisauni, Bamburi, Shanzu, na ukiendelea mbele unavuka daraja la Mtwapa na kuingia kaunti ya Kilifi. Makupa inakupeleka magharibi, Changamwe, Mikindani, uwanja wa ndege na Miritini kwenye stesheni ya treni ya SGR. Kusini huna daraja la gari. Kuna feri ya Likoni, na ng'ambo ya pili ndiyo njia ya Ukunda na Diani.

Kabla hujapanga matembezi yoyote ya usiku, jiulize nyumba yako iko upande gani na starehe unayoifuata iko upande gani. Anayeishi Likoni akienda kukesha Mtwapa amejipa safari ya kuvuka maji mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, tena akiwa amechoka. Haikatazwi, lakini inataka kupangwa.

Feri ujifunze mchana, siku ambayo huna haraka. Mtembea kwa miguu halipi chochote. Gari, pikipiki na tuktuk ndizo zinazolipa. Utapita kwenye ukaguzi wa mizigo, utasimama kwenye banda la kusubiri pamoja na umati, kisha lango litafunguliwa na watu wote watateremka mteremko kwa pamoja. Usikimbie, wala usisimame katikati ya njia kutafuta kitu mfukoni, maana nyuma yako kuna mikokoteni ya maji na magunia inayoteremka kwa kasi. Simu iweke mfuko wa mbele na begi ligeuzie kifuani. Mlango wa chuma unaposhuka na kukwaruza saruji, subiri wanaotoka watoke kwanza. Safari yenyewe ni dakika chache, na upepo wa mkondo ule, baada ya joto la banda, ni raha ambayo haijanichosha hata leo.

Asubuhi umati unamiminika kuingia kisiwani na jioni unarudi Likoni. Usiku feri zinaendelea kuvusha, ila zinakuwa chache na kusubiri kunarefuka. Mwenye gari anaweza kuikwepa feri kwa barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka kutoka upande wa Miritini hadi barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga.

Upande wa kaskazini tatizo ni foleni. Jioni magari yanasongamana kutoka Buxton hadi Kongowea, na mtu aliyepanga kukutana na wenzake Nyali saa 12 jioni huwakuta wameshakula. Toka mapema, au subiri hadi saa 2 usiku foleni ipungue.

Hatua ya pili: panga kurudi kabla ya kutoka

Hii nataka uishike kuliko zote. Matatu huanza kupungua kadiri saa 4 za usiku zinavyopita, na njia ndogo ndogo za mitaani hukauka kabisa. Zinazobaki barabara kuu hupandisha nauli. Kwa hivyo kabla hujafunga mlango wako, jua utarudi na chombo gani, na nauli yake uiweke kando. Watu wengi hapa huiacha kwenye M-Pesa na kuapa kutoigusa, na ni njia nzuri. Ila hakikisha simu ina chaji, kwa sababu pesa iliyo ndani ya simu iliyozima haikusaidii.

Jifunze majina ya steji, usihangaike na majina ya barabara. Makanga hajui nambari ya nyumba yako. Anajua Posta, Buxton, Saba Saba, Kengeleni, Kongowea, Bombolulu, Lights, Mtambo, Pirates, Shanzu. Mwambie mapema unashuka wapi, na ukiwa hujui, mwambie abiria aliye kando yako. Watu wa hapa hawaoni tabu kumwelekeza mgeni, na mara nyingi gari zima litajiunga kukuelekeza.

Tuktuk ndiyo rafiki wa usiku kisiwani. Mnakubaliana bei kabla ya kuketi. Sema tu, "Ami, salaam aleikum. Kizingo ngapi?" Akitaja bei, punguza kidogo kwa upole, akikataa, mshukuru na umwendee mwingine aliyeegesha nyuma yake. Teksi na tuktuk za programu za simu zipo pia, na hizo kagua nambari ya gari kabla ya kupanda. Bodaboda mimi simshauri mgeni usiku, hasa aliyekunywa au aliyekutana na dereva barabarani tu. Mpate mmoja wa mtaani kwako, anayejulikana stejini, uchukue nambari yake, awe wako.

Kutembea kwa miguu usiku kuna mahali na mahali. Mitaa yenye taa na watu wanaokula nje haina shida kubwa. Ufuoni gizani usiende hata mkiwa wawili. Vichochoro vya mitaa usiyoijua, ulizia kwanza kwa wenyeji wa hapo, kwa maana kuna sehemu za Kisauni na Likoni ambazo wakazi wake wenyewe wamesumbuliwa na vijana wenye mapanga, nao ndio wanaojua njia ipi inapitika saa hizo. Simu usiitoe ukiwa kando ya barabara. Pikipiki hupita na simu ikaenda nayo. Ukipatwa na dharura, piga 999 au 112.

Hatua ya tatu: anzia Mama Ngina jua likipungua

Mchana wa Mombasa ni wa kazi na kivuli. Starehe inaanza alasiri. Teremka Mama Ngina, kule Kizingo, panapoitwa na wengi Lighthouse. Pamekarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, pakawekwa njia za kutembea na mabanda, lakini mibuyu ya zamani ipo palepale na watu wanakuja kwa sababu zilezile. Magari yanaegeshwa yakitazama bahari, familia zinakaa ukingoni, watoto wanakimbizana. Pale ndipo mlango wa kuingilia Kilindini, kwa hivyo meli za makontena zinapita karibu sana, hata unaona mabaharia wakitembea juu ya sitaha. Nimeshuhudia watu waliozaliwa hapa wakinyamaza wote pamoja meli kubwa inapopita.

Nenda kwa muuza mihogo. Agiza wa kuchoma. Atauchagua juu ya makaa, aukwangue masizi kwa kisu, aupasue katikati kwa urefu mpaka mvuke utoke. Kisha anachukua nusu ya ndimu, anaichovya kwenye chumvi na pilipili ya unga, anausugua mhogo kwa ile ndimu huku akiibana, kutoka ncha moja hadi nyingine, mpaka maji ya ndimu yaingie ndani ya nyufa. Anakufungia kwenye karatasi. Ukiwa hujazoea pilipili mwambie mapema, mkono wake hausubiri. Chukua na dafu. Ukimaliza maji mwombe akupasulie ule na nyama yake, na kipande cha kifuu ndicho kijiko chako. Kuna pia viazi karai, kachiri za mhogo, mabuyu na achari ya maembe. Hivi vyote ni vya pesa ndogo, na vinakushibisha kiasi kwamba hutahitaji mkahawa.

Jumapili pamejaa pomoni. Ukitaka utulivu nenda Jumanne au Jumatano. Jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12:45, kutegemea mwezi, na giza huingia haraka. Hapo ndipo watu wengi huondoka, nawe uondoke nao.

Ukipenda kuogelea, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao kila mtu anauita Pirates, ni wa bure na umejaa uhai. Lakini uliza maji. Bahari ya hapa inapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji hukimbia mbali sana kisha hurudi kwa nguvu. Wageni hutembea juu ya miamba wakati wa kupwa wakasahau kugeuka. Muulize mvuvi au kijana wa mtumbwi, "Maji yanajaa saa ngapi?" Atakujibu bila kutazama popote.

Hatua ya nne: ingia Mji wa Kale baada ya Isha

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na ndipo ninapokuomba ukae zaidi.

Mji wa Kale unaanzia pale Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na kusambaa nyuma yake hadi Kibokoni, Ndia Kuu na kuelekea bandari ya majahazi. Mchana watalii wanapiga picha za milango ya nakshi. Usiku mji unarudi kwa wenyewe. Baada ya swala ya Isha wanaume wanatoka misikitini na kuketi barazani, wanawake wanatembeleana, watoto wanatumwa dukani, na chakula kinatoka nje. Barabara ya Makadara na njia zinazoizunguka zina moshi wa mishkaki, bhajia, kuku wa kuchoma, chapati, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, juisi ya ukwaju. Biriani na pilau utazipata pia, ingawa biriani nzuri zaidi huliwa mchana, na Ijumaa hasa.

Namna ya kuingia ni hii. Vaa kwa heshima. Mwanamume suruali au kanzu, si kaptura fupi na fulana isiyo na mikono, na mwanamke nguo iliyofunika mabega na magoti. Kutia leso ndani ya begi kunasaidia popote utakapojikuta. Leso nzuri utaipata Biashara Street, panapouzwa jozi kwa jozi. Pita taratibu. Salimia kwanza. "Salaam aleikum" inatosha, na usipokuwa Mwislamu hakuna atakayekulaumu kwa kuitoa. Mwanamume mzima ni mzee au ami, mwanamke mzima ni mama au bi fulani ukishalijua jina lake, wa rika lako ni ndugu au dada. Usimpige mtu picha bila kumwomba, na kamera usiielekeze ndani ya mlango ulio wazi, maana ndani ni nyumbani kwa watu.

Kisha tafuta kahawa. Muuza kahawa anajulikana kwa dele lake, birika refu la shaba au bati lililokaa juu ya kijiseredani cha makaa, na kwa mlio wa vikombe anavyovigonganisha mkononi. Kahawa ni nyeusi, tungu, ina tangawizi au iliki, na kikombe chake ni kidogo kama kiganja cha mtoto. Inanyweka kwa kashata, tende au kipande cha halua. Inagharimu sarafu tu.

Ukiona benchi lina nafasi, uliza.

"Ami, salaam aleikum. Nafasi iko?"

"Waaleikum salaam. Keti, mwanangu. Watoka wapi?"

Lafudhi yako imeshakutaja kabla hujajibu, na hakuna ubaya. Sema ulikotoka na kazi iliyokuleta, halafu nyamaza usikilize. Mazungumzo yatahusu siasa, bei ya samaki, mpira, nani amefariki na nani anaoa. Utaulizwa umeoa au umeolewa, utaulizwa unakaa wapi na unalipa kodi ngapi, na mtu atakwambia unaibiwa. Wanakujali. Usitoe hoja kali usiku wa kwanza. Usiku wa pili ukirudi hapohapo watakukumbuka, na usiku wa tatu atakayekuona unapita atakuita. Hivyo ndivyo mgeni anavyopata watu Mombasa, na hakuna kilabu kitakachokupa hilo.

Kwa mwanamke aliye peke yake mabaraza ya kahawa huwa ya wanaume zaidi. Dada zangu wengi huanzia kwenye migahawa ya familia ya Makadara na Kibokoni, wanakozoeana na kina mama wanaouza vyakula. Mama muuza viazi karai au mahamri anajua mtaa mzima, na akishakuita mwanangu umepata mwenyeji. Ukimwona anafungasha, uliza atafungua lini tena.

Pombe Mji wa Kale hakuna, na usiingie nayo hata ikiwa ndani ya chupa ya maji. Mtu anaweza asikwambie neno, lakini heshima yako itakuwa imekwisha.

Ramadhani ikikukuta hapa, shukuru. Mchana mji unatulia, wengi wamefunga, nawe usile wala kuvuta sigara mbele za watu. Kuanzia alasiri soko la Marikiti na pembezoni mwake panafurika watu wanaonunua futari, kaimati, sambusa, tambi, mkate wa mayai, mkate wa kumimina, viazi vitamu vya nazi. Magharibi ikiadhiniwa barabara zinabaki tupu kwa muda, halafu usiku unafunguka kuliko mwezi mwingine wowote. Maduka yanauza hadi usiku mwingi, familia zinatembea saa 5, saa 6, na watu wanakaa hadi daku. Ukialikwa kufuturu, kubali, na uende na tende au matunda.

Hatua ya tano: fuata muziki

Mombasa ina muziki wake, na mgeni asiyeutafuta hataupata kwa bahati. Kwanza bango. Muziki huu umebebwa na Joseph Ngala, ambaye kila mtu humwita Mzee Ngala, mpiga saksafoni wa Freretown. Ndani yake unasikia rumba, taarabu na midundo ya Wamijikenda, na unachezwa polepole, watu wazima wakiwa wamevaa wakapendeza. Freretown penyewe ni pa kupita mchana. Pale ndipo watumwa waliokombolewa walipokalishwa miaka ya 1870, na kengele yao ingalipo, ndiyo iliyoipa steji ya Kengeleni jina. Nikisikia bango nikijua lilikotoka, huwa nasikiliza kwa adabu zaidi.

Bendi za bango na rumba hupiga wikendi kwenye baa na hoteli za kisiwani na Pwani ya Kaskazini. Matangazo yake hubandikwa ukutani, husomwa redioni, na hupita kwenye makundi ya WhatsApp. Njia ya haraka ni kumuuliza dereva wa teksi mwenye umri wa makamo, "Bango leo linapigwa wapi?" Vijana watakwambia lilikuwa zamani, usiwasikilize.

Taarabu siku hizi iko harusini kuliko jukwaani. Majina ya kuyajua kabla hujafungua mdomo ni Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyefariki mwaka 2016. Taja mmoja wao barazani, na jioni yako yote imepata mazungumzo. Jirani akikualika harusini, nenda. Mara nyingi sherehe ya wanawake huwa mbali na ya wanaume, na ya wanawake ndiyo yenye ngoma na muziki zaidi. Simu kule ndani iache kwenye mkoba, kwa kuwa wanawake wamevua mabuibui na hawataki picha.

Kwa sanaa za vijana, mashairi, maigizo na vipaji vipya, kuna Swahilipot Hub karibu na Fort Jesus, iliyo kando ya bahari, na pia Alliance Française na Little Theatre Club hapo kisiwani. Pita ukaulize ratiba. Huko utakutana na watu wa rika lako ambao nao wengi wametoka mbali.

Hatua ya sita: kilabu na baa

Sasa tumefika. Dansi ni jambo zuri na sina neno nalo, nataka tu uende macho wazi.

Kisiwani baa ni nyingi na za kila aina, zikiwamo za wafanyakazi wa bandari, na umati wake umechanganyika. Nyali ni ya wenye pesa kidogo, muziki wa kisasa, chakula cha bei, mabaunsa mlangoni, na mavazi yanatazamwa. Mtwapa ndiyo yenye sifa ya kutolala. Nyama choma na kilabu zimefuatana kando ya barabara ya Malindi, na saa 8 za usiku barabara ingali imejaa. Biashara ya ngono Mtwapa ni kubwa na iko wazi. Mtu akikujia usiyemtaka, mwambie "Hapana, asante" kwa sauti ya kawaida, usimtukane wala usimcheke. Yuko kazini.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inataka baa za kawaida ziuze kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za wiki, na wikendi kuanzia saa 8 mchana. Kilabu zenye leseni ya usiku ni saa 1 usiku hadi saa 9 usiku. Utaona nyingi zikipitiliza, lakini polisi wakivamia, anayebebwa kwenye gari lao ni mteja vilevile. Beba kitambulisho. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi.

Kuhusu kinywaji, nifuate neno kwa neno. Kifunguliwe mbele yako. Ukienda chooni, kimalize au kiache kabisa, ukirudi nunua kingine. Usikubali kilichotoka kwa mtu uliyekutana naye usiku huo, hata akiwa mchangamfu, hata akiwa mrembo. Kuwekewa mchele, yaani dawa ya usingizi ndani ya glasi, kunawapata wanaume na wanawake, nao huamka bila simu, bila pesa, na wengine hawaamki. Mwenzako akianza kulegea ghafla kuliko alivyokunywa, mpeleke hospitali, usimpeleke kulala. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, inayoitwa na wengi Makadara, iko kisiwani.

Nenda na watu mnaoaminiana, mkubaliane kwamba mnaondoka pamoja. Kadi za benki ziache nyumbani. Ukilipa kwa simu, soma jina na kiasi kabla ya kuingiza nambari ya siri, na mgongo wako uuegemeze ukutani. Bili ilipe kila inapokuja kinywaji. Ukisubiri hadi mwisho utahesabiwa chupa usizozijua. Dereva asionje. Vipima pombe vya polisi vipo barabarani, na hata visingekuwepo, barabara ya Malindi usiku ina malori na tuktuk zisizo na taa.

Mnazi, yaani tembo la nazi, ni jambo jingine. Hunywewa mangweni, chini ya miti, Wamijikenda wakiwa ndio wenyeji wake, kwa mrija wenye kichujio cha nyuzi mdomoni. Uliogemwa asubuhi ni mtamu na mwepesi. Kadiri siku inavyokwenda unachacha na kuwa mkali. Mgeni aende mchana akiwa na mwenyeji, anywe kidogo, aulize umegemwa lini. Chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, usiiguse, watu wamepofuka na kufa kwa ile iliyotiwa kemikali.

Wikendi za mwisho wa mwezi zina msongamano na bei juu. Wikendi ya pili ya mwezi ndiyo nzuri, una nafasi ya kucheza.

Hatua ya saba: kiu ya safari ikizidi mji

Itafika siku mji wenyewe haukutoshi, na hilo ni jema. Anza karibu. Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa Waswahili ulioishi karne ya 14 na 15, yako Mtwapa kando ya bahari. Nenda asubuhi kabla jua halijakaza. Haller Park ya Bamburi ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyopandwa miti tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sasa ina twiga na viboko. Jumamosi Bandari FC wakicheza nyumbani, uwanja wa Mbaraki uko hapohapo kisiwani, na wafanyakazi wa bandari wanaujaza.

Mbali zaidi, upande wa kusini vuka feri alfajiri, panda matatu ya Ukunda, kisha tuktuk hadi Diani. Ukiwa na siku mbili endelea Shimoni uvuke kwenda Wasini. Upande wa kaskazini kuna Kilifi, Watamu, Gede na Malindi, zote kwenye barabara moja au karibu nayo. Toka kabla ya saa 1 asubuhi, beba maji, kofia na pesa taslimu ndogo ndogo, na angalia msimu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari imetulia na maji ni meupe, ila joto ni kali na wageni ni wengi. Kusi inaanza Aprili pamoja na mvua za masika, bahari inachafuka na ufuo wa Diani na Bamburi unajaa mwani. Safari za mashua ziache hadi Septemba au Oktoba, na miezi ya mvua rudi kwenye kahawa yako ya Kibokoni.